Fundi wa Friji Aliyefuga Nyoka

Katika kisiwa kizima cha Mombasa, mtu niliyemjua akivaa sweta mwezi wa Februari alikuwa mmoja tu. Sweta lenyewe lilikuwa la kahawia, limefumwa kwa mkono, limetoboka kiwiko cha kulia, na alilivaa juu ya shati lililofungwa vifungo hadi kooni. Wapiga soga wa barazani walipomwona akipita na sanduku lake la vyombo walimwuliza, "Fundi, huoni joto?" Naye alijibu bila kusimama, "Joto naliona. Baridi ndiyo nisiyoiamini."

Alikuwa fundi wa friji, na Fundi ndilo jina tulilomwita sote. Alikuwa na jina lake la ubatizo, nililiona mara moja kwenye kitambulisho, lakini halikumkaa. Ukoo wake siujui. Najua alitoka bara akiwa kijana, akafanya kazi bandarini kwenye makontena ya baridi, akachoka na mabosi, akaanza kujitegemea. Najua alikaa miaka kumi na saba katika chumba cha juu cha nyumba yetu ya Mji wa Kale, nyumba aliyoijenga babu yangu mzaa mama, katika kichochoro ambacho ukinyosha mikono waweza kugusa kuta mbili. Mama na mimi tulikaa chini. Mengine yote ninayoyajua juu yake niliyasikia kwenye ngazi.

Alipofika kwetu Kiswahili chake kilikuwa cha gatini, cha kuamrisha. Mama hakukivumilia. Akipita bila salamu humwita arudi, mtu mzima yule, aanze upya. Baada ya miaka michache alikuwa akishuka asubuhi na kusimama nje ya mlango wa jikoni: "Sabalkheri Bi Mkubwa. Umeamkaje? Na binti hajambo?" Akawa anasema mato badala ya macho, ndoo badala ya njoo, na vijana wa mtaani waliosema vinginevyo aliwasahihisha yeye, mtu wa bara. Jumapili alikwenda kanisani, Ijumaa alihakikisha hapigi nyundo hadi watu watoke msikitini.

Friji aliziuguza kama watu. Alikuwa na tabia ya kufukuza kila mtu chumbani, kisha kuweka sikio ubavuni mwa friji na kufumba macho. Nilimwona akifanya hivyo kwa muuza samaki mmoja wa Makupa, mama mnene mwenye sauti, aliyekuwa akilia kuwa friji lake limekufa na samaki wamejaa. Fundi alisikiliza, akaliburuta friji kiasi cha shubiri mbili kutoka ukutani, akafunga sanduku lake.

"Basi?" mama akashangaa. "Hukufungua hata skrubu!"

"Ulilibana ukutani. Friji halitengenezi baridi, mama. Kazi yake ni kuchota joto humu ndani na kulitupa nyuma. Ukilinyima pa kulitupa, litakufa nalo tumboni."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake. Baridi, alikuwa akisema, si kitu. Ni joto lililoondoka. Na kwa kuwa alikuwa ameshinda maisha yake yote akiliondoa joto mahali, yeye mwenyewe aliogopa kupoa. Hakunywa maji ya baridi. Hakuwa na friji chumbani. Maziwa yake alikuja kuyaweka kwetu, na akiyachukua huyaacha mezani yapate joto la chumba kabla ya kuyagusa.

Mtu huyo ndiye aliyeletewa nyoka.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti. Mkewe alifariki binti akiwa mdogo, akamlea kwa shule za bweni na likizo fupi fupi. Alitaka awe muuguzi. Binti akasomea wanyama, na katika wanyama wote akachagua nyoka: akaajiriwa na watu wanaozunguka vijijini kuwafundisha wenzao jinsi ya kuishi nao na la kufanya mtu akiumwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye alilomwambia siku walipogombana kwa hilo. "Nilimwambia sikumsomesha aje awe mganga wa nyoka. Nilimwambia mamake angeona haya." Kisha akaongeza, "La mamake sikuwa na haki ya kulisema."

Siku binti alipokuja nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilipishana naye kwenye ngazi Jumamosi moja, mwanamke mrefu mwenye uso uliochoka, amebeba kisanduku cha plastiki kilichotobolewa matundu. "Habari dada. Baba yupo juu?" Robo saa baadaye alishuka mikono mitupu. Nikamsikia Fundi akitembea huku na huku chumbani. Kisha naye akashuka, akasimama mlangoni petu.

"Bi Mkubwa, una kipimajoto?"

Mama akadhani ana homa, akamwekea mkono kwenye paji la uso.

Binti alikuwa amehamishiwa kazi ya mbali kaskazini, mahali ambapo angekaa kwenye hema, na hakuweza kwenda na nyoka aliyekuwa akimtumia kufundishia. Alikuwa na kibali cha serikali cha kumfuga, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Alimwomba baba yake miezi mitatu. Nyoka alikaa miaka kumi na mmoja.

Alikuwa nyoka mdogo wa jamii ya chatu, wale wanaoishi mchangani, mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, hafiki hata urefu wa mkono, rangi ya manjano na madoa ya kahawia. Hana sumu. Siku nzima hujifukia mchangani akaacha mato mawili tu juu. Fundi hakumpa jina. Kwa kuwa alikuja kwa miezi mitatu, alimwita Mgeni.

Alimwogopa. Miaka miwili ya kwanza hakumgusa bila glavu nene za kazi. Lakini alikuwa ameachiwa karatasi ya maagizo kwa mwandiko wa binti yake, na karatasi ile ilizungumza lugha anayoijua: upande huu wa sanduku uwe nyuzi thelathini na tatu, upande ule ishirini na saba, usizidi, usipungue. Kwa hilo akakunja mikono ya sweta.

Alipata friji bovu la kuuzia soda, la mlango wa kioo. Alilipandisha ngazi zetu kwa msaada wa hamali wawili na kelele nyingi, akalilaza chali, mlango ukawa kifuniko. Akatoboa matundu ya hewa. Akamwaga mchanga ndani. Upande mmoja, chini ya mchanga, akapitisha waya wa joto, akaufunga na kile kidude kinachowasha na kuzima friji chenyewe, ila aligeuza nyaya zake ili kiwashe pale ambapo zamani kilizima. Vipimajoto viwili, kimoja kila upande. Na kando, kwenye msumari, daftari la kuandikia nyuzi asubuhi, mchana na jioni.

"Kwa nini pande mbili?" nilimwuliza nilipopanda kuona. "Si umweke tu katikati, thelathini?"

Alinitazama kama nimesema jambo la aibu.

"Wewe una moto wako ndani, mwanangu. Ukila ugali, unawaka. Huyu hana. Joto lake lote ni la kuazima. Akitaka kusaga chakula huenda upande ule, akitosheka hurudi huku. Ukimpa joto la aina moja, hata likiwa zuri vipi, umemfunga. Mpe nafasi ya kuchagua."

Watu hudhani Mombasa joto halikosi, nyoka atapungukiwa na nini. Fundi alikuwa akiwacheka. Mwezi wa Julai upepo wa kusi ukivuma na mvua, chumba chake kilipoa alfajiri hadi ishirini na moja. Na wakati wa kaskazi, miezi ya jua kali, hatari iligeuka: waya ulizimwa kabisa wiki nzima, akateremsha pazia kabla jua la alasiri halijafika dirishani, akaweka upande wa baridi chupa ya maji yaliyogandishwa kwenye friji letu, chini, kati ya maziwa yake na nyama yetu.

Mama hakujua kwamba juu kuna nyoka hadi siku ya kumi. Alipojua alipandisha sauti mtaa mzima ukasikia.

"Nyumba hini ni ya babangu! Haikujengewa nyoka! Nakupa wiki moja, Fundi, wiki moja tu, uniondolee balaa hilo ama uondoke nalo!"

Fundi hakubishana. Alimwomba jambo moja, apande amwone kabla ya kumhukumu. Mama alipanda na tasbihi mkononi, midomo ikitembea, mimi nyuma yake. Fundi alifungua pazia. Tuliona mchanga mtupu. Halafu karibu na kioo mchanga ukasogea, vikatokea vijicho viwili vidogo kama mbegu za papai, vikatutazama.

Mama akaacha kusoma. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na mimi nimekosa kula kwa ajili ya huyu?" Akageuka kushuka. Kwenye ngazi ya tatu akasema bila kutazama nyuma, "Wiki moja."

Kila mara walipokosana, juu ya maji ama taka ama sauti ya redio, Mama alimpa Mgeni wiki moja. Siku za kawaida alimwuliza habari zake kama za jamaa. "Mgeni hajambo?" "Hajambo, Bi Mkubwa, amejivua ngozi." "Alhamdulillahi."

Sasa nieleze ile simu, kwa sababu bila hiyo simu Fundi angekuwa tu mzee mwenye nyoka.

Kila jioni, baada ya adhana ya magharibi, binti yake alipiga. Tulisikia mlio, kisha sauti ya Fundi, kwa kuwa alizungumza na simu kama aliyesimama ng'ambo ya barabara. Mazungumzo yalikuwa haya:

"Naam. Thelathini na tatu. Ishirini na saba na nusu. Amekula Jumanne. Haya. Haya."

Basi. Hapakuwa na umeamkaje, hapakuwa na kazi inaendaje. Nusu dakika. Mwanzoni nilidhani ni watu wakavu tu. Baadaye nikagundua kwamba magharibi ikikaribia Fundi haondoki nyumbani kwa lolote. Mteja angeweza kulia friji limemwagika sakafuni, angemwambia, "Nitakuja baada ya simu." Yeye aliyechelewa kila mahali, hata kanisani, hakuwahi kuchelewa hapo. Akipokea alikuwa ameshasoma vipimajoto, daftari liko mkononi, amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Lile neno walilorushiana siku ya kugombana hakuna aliyeliondoa. Wakapita pembeni yake kila jioni, mmoja akiuliza nyuzi, mwingine akijibu.

Masika moja umeme ulikatika mtaani siku tatu mfululizo. Mvua ilipiga tangu asubuhi, kuta zikavuja jasho la baridi. Mgeni alikuwa amekula siku iliyotangulia, na nyoka akipoa na chakula tumboni hakisagiki, humwozea ndani akafa. Fundi alishuka na kupanda na chupa zake za chai zenye maji moto, anamwaga nusu kwenye ngazi, sweta limelowa. Mara ya nne Mama alimzuia njiani.

"Unafanya nini weye?"

Alimweleza. Mama akamtazama, akaingia ndani, akatoka na seredani, jiko la makaa. Akaiwasha chini ya kipenu cha uani, akateleka sufuria ya kupikia pilau ya harusi, akajaza maji. Tulizitia maji moto chupa za kioo za sharubati, Mama akazifunga moja moja kwa leso zake za kujitanda, hata zile za kutokea, nami nikazipandisha. Chupa nne upande wa joto, hakuna hata moja upande wa pili. Siku tatu kazi ikawa hiyo. Mama alikuwa akipaza sauti kutoka uani, "Ngapi sasa?" na Fundi akijibu kutoka juu, "Ishirini na tisa, Bi Mkubwa! Inapanda!" Majirani nao wakaanza kuuliza. Jamaa muuza kahawa wa pembeni, aliyeapa hatapita mlangoni petu kwa sababu ya nyoka, alileta makaa.

Umeme uliporudi, Fundi alishuka kumshukuru Mama. Akachukua friji letu, ambalo halikuwa na kasoro, akalisafisha nyuma kwa brashi ya meno.

Ningependa kuishia hapo katika habari zangu na Mgeni, lakini haitakuwa kweli.

Nilikuwa nikifanya kazi katika duka moja la dawa Bondeni. Tulikuwa na friji la insulini na chanjo, na mlangoni karatasi ya kuandika nyuzi asubuhi na jioni. Hakuna aliyeandika kila siku. Ijumaa jioni mmoja wetu alichukua kalamu, akajaza wiki nzima: nne, tano, nne, tano. Fundi alipoitwa kulikagua friji alisoma karatasi ile muda mrefu. "Friji lenu ni zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona," akasema. "Halitikisiki." Tulifurahi. Tulidhani anatusifu.

Mwaka wa tatu wa Mgeni, msimu wa kaskazi, Fundi alifiwa na kaka yake bara, akawa hana budi kwenda wiki moja. Aliniachia ufunguo. Alinionyesha mara mbili: pazia kabla ya alasiri, chupa ya barafu, soma, andika. Na kwa kuwa kijijini mtandao ulikuwa wa shida, binti yake angepiga simu ya Mama kila jioni, nami ndiye wa kumjibu.

Siku ya kwanza nilifanya kila kitu. Siku ya pili nilisoma asubuhi tu. Kisha kukawa na harusi ya rafiki yangu, na nyumba ya harusi mnaijua, hina leo, kupamba kesho, mtu hapandi ngazi kutazama mchanga. Jioni ya siku ya tatu Mama alinipa simu. Sauti ya binti ilikuwa ya upole, ya mbali, upepo ukivuma nyuma yake.

"Leo ngapi, dada?"

"Thelathini na tatu. Ishirini na saba."

"Ahsante sana. Mungu akubariki."

Siku ya nne, vilevile. Siku ya tano, vilevile. Kila nilipokumbuka daftari niliingia mbio, nikaandika siku zilizopita kwa kalamu ile ile, nikatoka.

Siku ya sita nilirudi alasiri kuchukua viatu, na kitu kikanituma nipande. Pazia lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limelala juu ya kioo tangu saa nane. Kipimajoto cha upande wa baridi, upande wa baridi, kilisema thelathini na tisa. Mgeni alikuwa ametoka mchangani kabisa, jambo ambalo sikuwahi kuliona mchana, amejibana kwenye pembe ya mbali, kinywa wazi.

Sikuwahi kumgusa. Nilifungua kifuniko, nikamwinua kwa mikono yangu yenye hina mbichi. Alikuwa wa moto kama kikombe cha chai. Hakujikunja wala hakunizunguka, alining'inia tu. Nikamshusha chini nikiita "Mama! Mama!" Mama alileta beseni la kufulia, tukaliweka kwenye kivuli cha uani, kitambaa chenye maji ya kawaida chini ya Mgeni, si ya baridi, hilo nililikumbuka. Tukakaa mmoja huku mmoja huku. Nusu saa nzima. Ndipo ulimi ukatoka, mwembamba, ukaonja hewa, ukarudi.

Simu ikalia jioni.

"Leo ngapi, dada?"

Nilimtazama Mama. Mama hakunitazama.

"Thelathini na tatu," nikasema. "Ishirini na saba."

Fundi alirudi kesho yake, na vumbi la safari kwenye nywele. Alimkagua Mgeni, akamwona mzima. Akachukua daftari kutoka kwenye msumari. Alisoma akiwa amesimama, nami nimesimama mlangoni.

"Siku sita," akasema. "Kaskazi. Na joto halikusogea hata nusu nyuzi."

Nilimweleza yote. Sikuficha harusi wala kinywa kilichofunguka. Nilingoja anifokee, kwa maana alikuwa mkali wa kufokea wateja. Hakufoka. Aliuliza jambo moja.

"Na mwanangu, ulimwambia nini?"

Nilimwambia.

Akakaa kitandani. "Mimi namwambia kweli," akasema polepole. "Ni jambo moja tu ninalompa, lakini ni kweli. Ikiwa thelathini na tano, namwambia thelathini na tano."

Hakunisemesha kama mwezi. Tulipishana kwenye ngazi, nikimwamkia, akiitikia kwa kichwa. Mwezi uliofuata alipata kazi ya siku mbili Kilifi. Aligonga mlango wetu, akanipa ufunguo ule ule, mbele ya Mama. Siku hizo mbili nilisoma vipimajoto mara kumi na nane. Na dukani Bondeni, Ijumaa ilipofika na mwenzangu akachukua kalamu, nilimwambia aache wazi nafasi ambazo hatukusoma. Alinicheka, kisha akanichukia kidogo. Nafasi zikaachwa wazi, na kwa aibu ya nafasi hizo tukaanza kusoma kweli.

Niliolewa, nikahamia Tudor. Mji wa Kale nikaja mara mbili tatu kwa wiki kumtazama Mama, na kila nikija nilisikia ile simu juu. Fundi alianza kuzeeka. Magoti yalimkataza ngazi, wateja wakapungua. Glavu alikuwa ameziacha zamani. Mara nyingine nilimkuta Mgeni amejizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya mkono wa sweta, na yeye akiendelea kusoma gazeti.

Jioni moja, simu ikiwa imekwisha, nilipanda kumsalimia. Nilikuwa nimesikia mwenyewe: thelathini na tatu, ishirini na saba, amekula Jumapili. Niliingia nikakuta kifuniko kimeinuliwa. Mchanga ulikuwa mkavu, umesawazishwa. Waya umeng'olewa ukutani na kukunjwa vizuri.

"Mgeni yuko wapi, Fundi?"

"Alikufa."

"Lini?"

"Wiki ya tatu hii. Uzee tu. Nilimkuta asubuhi, upande wa joto." Alikuwa amekaa na daftari mapajani. Nilitupa jicho. Kurasa zilikuwa zimejaa hadi siku ile, na safari hii nambari hazikufanana: thelathini na mbili na nusu, thelathini na nne, ishirini na saba, ishirini na sita. Alijua jinsi ya kutunga.

Akalifunga daftari. Kisha akauliza.

"Nikimwambia, kesho atapiga simu aulize nini?"

Nilishuka nikamweleza Mama jikoni, nikitokwa na machozi. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Mambo ya watu na wana wao," akasema, "waachie wenyewe."

Wiki haikuisha, binti akaja. Nilikuwepo. Alipanda ngazi haraka bila kubisha hodi, na sikusikia kitu, kisha nikasikia Fundi akilia. Alikaa siku nne. Siku ya tano walishuka pamoja na mabegi. Binti alikuwa amepata kazi katika mji mmoja wa bara, ya kufundisha darasani, na amepanga nyumba yenye chumba cha ziada. Fundi aliwaaga majirani wote, mmoja mmoja, kwa Kimvita. Kwa Mama alisimama kirefu, mkono kifuani, na Mama akamwambia aende asichelewe gari. Sikujua nani alimwambia binti. Mimi nilidhani ameota, kama wana wanavyoota mambo ya wazazi.

Fundi nilimwona tena mara moja tu, mwaka jana.

Mama alikuwa amefariki. Hitima ilikwisha, wageni wakatawanyika, na asubuhi ya nne nilikuwa peke yangu kwenye nyumba ya babu nikikusanya vikombe. Nikasikia hodi, hodi iliyotulia, ya mtu anayengoja kuitikiwa. Alikuwa mlangoni na bakora, amekonda, shati jeupe limepigwa pasi. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi.

"Sabalkheri, mwanangu," akasema. "Nimechelewa. Poleni sana."

Nilimkalisha barazani ndani, mahali pa Mama. Tulitazamana. Alizunguka kwa macho, dari, mlango wa jikoni, ngazi. Nilitaka kumpa kahawa, akanizuia kwa mkono.

"Kuna jambo sikupata kumwambia ana kwa ana. Nilipanga kuja kumwambia, akatangulia. Basi nikwambie wewe." Akakaza bakora. "Yule aliyempigia mwanangu simu alikuwa mama yako. Namba ya mwanangu ilibaki kwenye simu ya Bi Mkubwa tangu nilipokwenda kumzika kaka. Mwanangu alinificha mwaka mzima, Bi Mkubwa alimwapisha. Unajua alimwambia nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alimwambia, 'Nyoka amekufa, mwanangu. Babako yu hai. Ndoo.' Akakata simu."

Nilikuwa sijalia tangu mazishi. Nililia hapo, na nilipomaliza nilikuwa nacheka, kwa sababu niliisikia sauti yake ikilisema, na kishindo cha kukata simu kabla mtu hajajibu. Fundi alingoja. 

Kisha nikaenda jikoni nikapika kahawa, nikaleta na tende zilizobaki za hitima, nikakaa karibu naye. Nikamwuliza habari za binti yake. Akaanza kunieleza: darasa lake, mguu uliovunjika na kupona, bwana mmoja wa posta anayemjia kwa heshima, jinsi anavyochoma ugali na kukataa kukubali, jinsi wanavyobishana hadi jirani anagonga ukuta. Adhuhuri iliadhiniwa, kahawa ikapoa vikombeni, na alikuwa bado hajamaliza.